Injini za Goma zina njaa ya hewa, si ya gesi

Kwenye meza ya karakana yetu ya mafunzo, hapa Goma, kuna pistoni, kile kipande cha injini kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, yenye tundu katikati. Kidole changu cha shahada kinapita humo bila shida. Pistoni hiyo haikuvunjika kwa pigo, iliyeyuka. Dereva aliyeileta hubeba viazi na maharage kutoka Masisi, na alichotaka ni kitu ambacho kila dereva wa njia ile anakitaka: gari lipande kutoka Sake hadi Mushaki bila kufuka moshi mweusi na bila kupitwa na kila mtu. Rafiki yake alimwonyesha kwenye simu magari ya Marekani yanayopewa gesi ya propani juu ya mazutu (dizeli), jinsi yanavyochomoka. Akachukua mtungi wa jikoni, akauweka nyuma ya kiti, akavuta mpira mpaka kwenye bomba linaloingiza hewa.

"Mwalimu, siku mbili za kwanza lilivuta kweli," aliniambia.

Namwamini. Jambo hili lingekuwa uongo mtupu nisingekuwa na haja ya kuliandikia. Kuna ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaowatia watu hasara.

Injini ya mazutu haina plagi ya kutoa cheche. Inavuta hewa peke yake, inaibana mara 16 hadi 22, na hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la nyuzi zaidi ya 500. Hapo injekta inapuliza mazutu, nayo yanawaka yenyewe. Lakini mazutu huingia kama matone madogo, na moto huanzia pembeni mwa kila tone. Muda ni mfupi mno. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, pistoni inashuka yote kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa hiyo hewa iliyojificha kwenye pembe za chumba cha mwako hutoka nje bila kutumika, na kiini cha matone hutoka kikiwa masizi. Propani ikichanganywa na hewa mapema, kabla ya kuingia kwenye silinda, inakuwa imeshafika kila pembe. Mazutu yanapowaka, gesi nayo inashika moto kila mahali kwa mkupuo mmoja. Msukumo unaongezeka, masizi yanapungua. Hivyo ndivyo wenye pikapu kubwa za dizeli huko Marekani walivyoipenda njia hii, na hawakudanganywa.

Ila magari yao yana turbo. Turbo inasukuma ndani hewa nyingi kuliko mazutu yanavyohitaji, kwa hiyo gesi inapofika inakuta hewa inaisubiri. Sasa tuangalie inakuta nini kwetu.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi: mita moja ya ujazo ambayo pwani ina uzito wa kilo 1.2 hivi, hapa ina kilo moja. Chukua injini ya Land Cruiser ambayo mafundi wote wa mji huu wanaijua, ile 1HZ ya lita 4.2 isiyo na turbo. Kwenye mizunguko 3,000 inameza zaidi kidogo ya mita 5 za ujazo za hewa kila dakika. Pwani hiyo ni kilo 6 na zaidi. Hapa ni kilo 5. Kila dakika injini inapungukiwa kilo nzima ya hewa. Kati ya farasi 130 wa nguvu ya injini walioandikwa kwenye karatasi za kiwanda, karibu 20 wamebaki Mombasa, na kadiri unavyopanda kuelekea Mushaki unaacha wengine njiani, takriban mmoja katika kila mia kwa kila mita 100.

Kilo moja ya hewa inatosha kuchoma karibu gramu 69 za mazutu. Ukitumia propani badala yake, kilo hiyohiyo inachoma karibu gramu 64. Na joto linalotoka katika mwako wa kwanza na wa pili ni karibu sawa kabisa, megajuli 3 hivi. Naomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu hesabu hii ndogo ndiyo inayoamua kila kitu. Nguvu ya injini inapimwa kwa hewa iliyoingia. Mafuta, yawe ya kimiminika au gesi, ni mgeni anayekuja kula hewa hiyo. Moshi mweusi unaouona mlimani ni wageni waliokosa chakula: mazutu yaliyoingia na hayakupata hewa ya kuyachoma. Ukileta gesi wakati huo, umeongeza mgeni mwingine kwenye sinia lilelile.

Basi kwa nini lilivuta siku mbili? Kwa sababu kwenye tambarare, ukikanyaga nusu, injini ya mazutu huwa na hewa ya ziada. Gesi inaila, gari linaruka mbele, dereva anafurahi. Lakini nguvu ile angeipata kwa kukanyaga zaidi tu. Pale anapoihitaji kwa kweli, kwenye kona za juu ya Sake, mguu ukiwa chini kabisa na viazi tani nne nyuma, hewa ya ziada imebaki kidogo sana. Faida ni ndogo, na joto ni kubwa.

Joto hilo lina njia mbili za kuua injini. Ya kwanza ni ya polepole: moshi unatoka ukiwa moto kupita kiasi, unachoma vali na, pale penye turbo, unaharibu mabawa yake. Anayejua kazi hii hafungi gesi bila kipimo cha joto kwenye bomba la moshi, na joto likikaribia nyuzi 700 gesi inakatwa. Njia ya pili ni ya ghafla. Mazutu hayawaki mpaka injekta iyapulize, kwa hiyo injini inachagua wakati. Propani iko ndani tangu mwanzo wa kubanwa, na ikifika nyuzi 470 hivi inaweza kujiwasha bila kumsubiri mtu. Ikiwa ni kidogo, hewa inaizidi na haijiwashi kwa urahisi. Ikizidi, inalipuka wakati pistoni bado inapanda. Utasikia injini inagonga kama mtu anayepiga nyundo juu ya chuma kikavu. Hapo gasketi ya kichwa inakwenda, fimbo ya pistoni inapinda, na ile ngozi nyembamba ya hewa inayoikinga pistoni dhidi ya moto inafutwa. Aloi ya alumini ya pistoni huanza kuyeyuka kabla ya nyuzi 600. Tundu la kwenye meza yangu lilizaliwa hivyo, na naamini halikuchukua zaidi ya mteremko mmoja na mpando mmoja.

Mtungi wa jikoni unazidisha hatari, kwa sababu ndani yake hamna propani tupu. Ni mchanganyiko wa propani na butani, na uwiano wake haubandikwi mtungini. Propani inastahimili kubanwa vizuri, okteni yake, yaani kipimo cha uvumilivu huo, inapita 100. Kwa sababu hiyo katika injini za esansi (petroli) za mashindano watu huipuliza ikiwa bado kimiminika, ipoze hewa na kuzuia kugonga kwa pamoja. Butani haina uvumilivu huo. Fundi aliyepima kiasi kwa mtungi wa wiki iliyopita hajapima kitu kwa mtungi wa wiki hii.

Kuna pia jinsi mtungi unavyolazwa. Ukisimama wima, juu kuna mvuke na chini kuna kimiminika, na jiko linapata mvuke. Ukiulaza nyuma ya kiti, au gari likiinama kwenye kona, kimiminika kinaingia mpirani. Lita moja ya propani ya kimiminika inakuwa lita 270 hivi za gesi. Injini iliyokuwa inapewa kijiko inamwagiwa ndoo. Na wale wanaoondoa regileta "ili gesi itoke na nguvu" wajue kwamba regileta ya jiko inashusha msukumo hadi karibu sehemu tatu za mia za bar, wakati propani ndani ya mtungi, siku ya kawaida ya Goma, inasukuma kwa bar zaidi ya 7. Mpira wa jiko haukutengenezwa kwa hilo, wala kwa joto na mafuta yaliyoko chini ya boneti.

Mfumo uliotengenezwa kwa kazi hii una mtungi wake wa gari uliofungwa kwa vyuma, usiojazwa zaidi ya asilimia 80, una kifaa kinachogeuza kimiminika kuwa mvuke kwa maji ya moto ya injini, na una vali ya umeme inayofunga papo hapo injini ikizimika au turbo ikiwa haijasukuma. Vali hiyo ndiyo ninayoitazama kwanza gari likiletwa. Bila hiyo, injini ikizimika gesi inaendelea kujaa kwenye bomba la hewa, na dereva akiwasha tena, moto unaanzia pale ambapo hapana chuma cha kuuzuia. Kwenye injini zenye hita ya kupasha hewa inayoingia, asubuhi ya baridi, hatari hii ni kubwa zaidi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikose usingizi, nalo haliko ndani ya injini.

Watu wa Goma tunajua mazuku. Mtoto wa Himbi au wa Bulengo anaambiwa mapema asiteremke kwenye mashimo ya mawe ya volkeno alfajiri, kwa sababu kuna upepo usioonekana uliolala humo, nao ulishaua mbuzi, mbwa na watu. Upepo huo ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inatiririka kama maji na kutulia penye bonde. Propani ina uzito uleule. Si kwa kukisia: molekuli ya propani na molekuli ya kaboni dioksidi zote zina uzito wa 44, wakati hewa ina 29. Gesi ikivuja kwenye gari inashuka chini ya viti. Ikivuja garajini inajaza shimo ambalo fundi anasimama ndani yake kufungua mafuta ya injini, na inapenya nyufa za mawe chini ya nyumba. Tofauti ni kwamba mazuku huzima kiberiti, lakini propani, ikifika sehemu mbili tu katika kila mia ya hewa, inawaka.

Kwa hiyo mtungi wa gesi usikae kamwe mahali ambapo watu wamekaa ndani ya gari, na gari lenye gesi lisiingizwe juu ya shimo la garaji. Gesi inayouzwa imetiwa dawa ya harufu mbaya ili tuishtukie. Ukiisikia ndani ya gari, zima injini kama inaunguruma, kisha usiguse swichi nyingine yoyote, hata ya taa. Fungua milango, toa watu, funga mtungi, na msogee upande ulio juu, si kwenye bonde. Usiamini kwamba harufu imekwisha kwa sababu umeizoea. Pua huchoka. Na anayeingia shimoni kumtoa mwenzake aliyezimia aingie baada ya hewa kupita, asije akalala karibu naye.

Wengine wameniuliza kama gesi ya Ziwa Kivu, ile inayozalisha umeme upande wa Rwanda, haiwezi kutumika badala ya hii. Ile ni methani. Ni nyepesi kuliko hewa, na hata uibane namna gani kwenye joto letu haigeuki kimiminika kama propani, kwa hiyo inataka mitungi mizito ya msukumo mkubwa mno. Ni somo lingine.

Gari la yule dereva tulilifungua pamoja na wanafunzi. Filta ya hewa ilikuwa imeziba kwa vumbi jeusi la volkeno, lile linalokwaruza kama msasa. Aliipuliza kwa mdomo mara moja kwa mwezi. Injekta mbili kati ya nne zilikuwa zinadondosha mazutu badala ya kuyapuliza ukungu. Pampu ya mazutu ilikuwa bado imepangwa kwa hewa ya pwani, kama ilivyoshuka melini. Mwanya wa vali haukuwa umepimwa tangu anunue gari. Kila moja ya hizo ilikuwa inamnyang'anya hewa, au inamwagia mazutu hewa isiyokuwepo. Tulibadilisha pistoni na filta, tukapima injekta kwenye mashine, fundi wa pampu akapunguza kipimo kidogo kidogo hadi moshi ukawa wa kijivu hafifu gari likiwa na mzigo. Nilimwambia kama bado anataka nguvu zaidi, aweke akiba ya turbo iliyotengenezwa kwa injini ile, kwa sababu turbo ndiyo inayoleta hewa.

Turbo hajanunua. Anapanda Mushaki kwa gia ya pili, mtungi uko jikoni kwa mke wake, umesimama wima karibu na dirisha.