Ngazi mbovu na ngazi yenye kasoro si kitu kimoja

Jirani yangu hapa Wete amevunjika mkono wa kulia. Alikuwa akipaka chokaa ukuta wa mbele wa nyumba yake, juu ya ngazi ya alumini ya kukunja aliyoinunua siku 19 kabla. Kipawa cha nne, yaani kikanyagio cha nne, kikachomoka upande mmoja, akaja chini yeye na ndoo. Tangu siku hiyo kila anayekwenda kumtazama humwambia neno lile lile: "Pole bwana, ngazi ilikuwa mbovu." Nimelisikia barazani, nimelisikia msikitini baada ya alasiri, na juzi nimelisikia kwa mwenye duka aliyeiuza. Hapo nikaona bora niandike.

Ngazi ile haikuwa mbovu. Ilikuwa na kasoro.

Kwa kifupi, kasoro ya bidhaa ni upungufu uliomo ndani ya kitu tangu kilipotoka kwa aliyekitengeneza, ukakifanya kiwe na hatari ambayo mtumiaji hakuwa na sababu ya kuitarajia. Huenda upungufu ukawa katika mchoro, yaani ngazi zote za aina hiyo zimebuniwa vibaya. Huenda ukawa katika uundaji: mchoro mzuri, lakini hii moja imekosewa kiwandani. Au huenda ukawa katika maelezo, haikuandikwa inabeba kilo ngapi wala isimamishwe vipi. Maana yenyewe ni hiyo tu.

"Bovu" ni neno letu la Kibantu, la ukoo mmoja na "oza". Embe bovu lilikuwa zima, likaoza. Jino bovu lilikuwa zima, likaliwa. Ukisema kitu ni kibovu umeshakisimulia maisha yake: kilianza kizuri, siku zikapita, jua na mvua na mikono ya watu vikakimaliza. Ngazi ya mbao iliyoachwa uwanjani masika mawili mpaka ikaingia mchwa, hiyo ni mbovu, na wa kuulizwa kwanza ni mwenyewe aliyeiacha nje kisha akaipanda.

"Kasoro" imetufikia kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wa qaf, sad na ra, wenye maana ya ufupi na ya kutofika. Ndio mzizi wa sala tunayoisali kasri tukiwa safarini, rakaa nne zikawa mbili. Na sote tunalo mdomoni kutwa: saa mbili kasoro robo, elfu kumi kasoro mia. Saa mbili kasoro robo haijaharibika, haijatimia. Elfu kumi kasoro mia haikuwa elfu kumi kamili ikaliwa panya. Haijafika, basi. Kwa hiyo kitu chenye kasoro hakikuwahi kutimia hata siku moja. Kimetoka kiwandani kikiwa pungufu, hata kama karatasi ya dukani bado haijabanduliwa.

Nimeishika ngazi ile kwa mikono yangu, nikaipekua kipawa kwa kipawa. Kila kipawa kimefungwa kwenye mguu kwa ribiti mbili, zile pini za kubania, kila upande. Cha nne, upande wa kushoto, kilikuwa na moja. Nilipopitisha kidole pale ambapo ya pili ingekaa, alumini ilikuwa laini, haijaguswa na keekee. Hakuna ufa, hakuna palipochakaa. Tundu halikutobolewa kabisa. Ribiti mbili kasoro moja.

Sasa sikilizeni jibu la mwenye duka: "Mimi nilikuuzia nzima. Ikiwa imekuwa mbovu, imekuwa mbovu kwako." Kwa neno alilopelekewa, amejibu sawasawa. Jirani amekwenda kulalamika kwa neno ambalo ndani yake lina utetezi wa anayemlalamikia.

Waliosoma fiqhi chuoni wanaijua tofauti hii kabla ya mahakama za kisasa. Katika hiari ya aibu, ile haki ya mnunuzi kurudisha kitu chenye ila, sharti mojawapo ni kwamba ila ilikuwapo kabla mnunuzi hajakipokea. Ikizuka mkononi mwake, ni yake. Swali ni lile lile: tangu lini?

Na sheria za wenzetu zimeupitia mlango huo huo. Mwaka 1928, mjini Paisley, Uskochi, May Donoghue alikunywa soda ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki yake, na ndani ya chupa, alivyodai, mlikuwa na konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na mtu, maana hakununua yeye. Mwaka 1932 majaji wa juu wa Uingereza waliamua, watatu dhidi ya wawili, kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mtumiaji wa mwisho hata kama hawakuuziana. Marekani, mwaka 1963, mahakama kuu ya California ilikwenda mbali zaidi katika kesi ya Greenman, aliyepigwa na kipande cha mti kipajini alipokuwa akitumia mashine ya useremala aliyozawadiwa na mkewe. Ikaamuliwa kwamba mtengenezaji anawajibika bila ya aliyeumia kuthibitisha uzembe. Inatosha ionekane kwamba kitu kilikuwa na kasoro, na kasoro ndiyo iliyoumiza. Ulaya nao, kwa mwongozo wao wa 1985, wakamhesabu aliyeagiza bidhaa kutoka nje kama mtengenezaji. Kwetu visiwani, ambako karibu kila ngazi ya alumini imeshuka bandarini, jambo hilo lina uzito wake.

Simtetei anayeipanda ngazi kabla vifungio havijakaza, au anayesimama kwenye kipawa cha juu kabisa. Huyo hana ngazi mbovu wala yenye kasoro, ameitumia vibaya. Na wanaosema "ajali haina kinga" sina ugomvi nao, maana hata neno ajali kwa asili ni muda uliokadiriwa. Lakini kuamini kadari hakumwondolei dhamana mtu aliyeacha kutoboa tundu.

Zanzibar tuna sheria ya 2018 ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji, na tume yake ipo, na Taasisi ya Viwango ipo. Jana usiku nilikaa na jirani tukaandika malalamiko, kalamu nikiishika mimi kwa kuwa mkono wake umo kwenye plasta. Alianza kunitajia: "Nilinunua ngazi mbovu..." Nikamwomba tuifute. Tukaandika: "Nilinunua ngazi mpya yenye kasoro. Kipawa cha nne kina ribiti moja badala ya mbili, na tundu la pili halikutobolewa." Kisha tukaifunga ngazi kwa gunia, tukaiweka chumba cha uani pamoja na risiti yake, isiguswe na fundi wala isitupwe.