Simba hana title deed: mambo ya madume wa Tsavo ambayo nimechoka kuyajibu

Kila nikipakia watu wa hapa Mombasa kuwapeleka mbuga ya Tsavo East kuangalia simba, hatujafika hata Mariakani ashapatikana mmoja wa kuuliza, "Kaka, tunaanzia kwa wale madume wawili wa bwawa la Aruba, si ndo kwao pale?" Kwao! Nikimwambia huenda hawapo ananiona mie ndo sijui kazi, manake shemeji yake alikuja juzi juzi akawapiga picha chini ya mti na picha anayo kwenye simu. Basi wacha niandike mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Ati himaya ina mpaka, na mwenyewe haondoki

Hii ndo inaniua kabisa. Watu wanachukulia himaya ya simba kama ploti ya Utange, ina bikoni nne na title deed, mwenyewe akishaingia kaingia. Hakuna kitu kama hicho jamani. Himaya ya madume ni kibarua cha kila usiku, na kibarua chenyewe ni kutembea, kukojoa na kunguruma, wakizembea kidogo kuna mgeni ashaingia.

Ukibahatika kufuata koalisheni (madume wanaoshika himaya pamoja) alfajiri utaona. Wa mbele anasimama kwenye kichaka cha mswaki, anasugua uso kwenye majani macho kayafumba, anageuka, mkia juu, anarusha mkojo kwa nyuma mpaka majani yanadondosha matone. Mwenzake akifika pale pale ananusa, anakunja uso, midomo juu meno nje (hapo wateja wanaanza kelele ati kakasirika, hajakasirika, anavuta harufu vizuri), halafu naye anarusha juu ya ule wa mwenzake, wanakwaruza chini kwa miguu ya nyuma, wanaendelea na safari. Harufu ikififia inabidi warudi waweke nyingine.

Sauti nayo. Usiku umetulia, ngurumo inaweza kusikika hata kilomita 8. Madume wenye himaya wananguruma, wale wanaozurura tu bila himaya wananyamaza jii, manake wakijibu wanajitaja walipo. Na simba wanahesabu, sitanii. Kule Serengeti miaka ya 1990 watafiti walikuwa wanawachezea simba ngurumo za wageni kwa spika, majike wakisikia mgeni mmoja wanamfuata, wakisikia sauti tatu wanasita na kuangalia kwanza wako wangapi wao. Madume wenye himaya walikwenda hata idadi ikiwazidi.

Ndo sababu madume wanashikana wawili, watatu, hata zaidi, kwa sababu idadi ndo inayoshika eneo. Sasa piga hesabu, mmoja akipigwa pembe na nyati akawa anachechemea, au akafa, majirani waliokuwa wanasikia sauti mbili wanasikia moja. Watakuja kuchungulia, na wakiona kweli yuko peke yake huo mpaka wako unasogea bila mtu kuuona. Koalisheni nyingi zinashikilia kundi la majike miaka 2 au 3 hivi, zikitolewa zimetolewa.

Halafu hata kabla ya kutolewa hawakai mahali pamoja, manake wanaweza kuwa na makundi mawili ya majike, leo huku kesho kule, na kingo za himaya zinaingiliana, bwawa moja linaweza kunywewa na koalisheni mbili kwa saa tofauti na wasikutane. Ongeza na ukame wa kwetu. Tsavo East na West pamoja ni zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na wanyama hawajajaa kama Maasai Mara. Kiangazi nyati na punda milia wanabanana karibu na mto Galana na mabwawa, majike wanakaa hapo, madume wanakaa na majike. Mvua ya Novemba ikipiga kila shimo lina maji, nyama wanatawanyika, simba nyuma yao. Shemeji yako alikuja Septemba, wewe umekuja Desemba, unataka uambiwe nini?

Kwa hivo mie siendi kwenye mti wa picha ya mtu. Naingia geti likifunguliwa saa kumi na mbili, naangalia barabara kabla magari hayajaichafua. Unyayo mbichi kingo zake zimesimama, ukiona vijia vya wadudu vimepita juu yake ujue huyo alipita mapema usiku, usijisumbue sana. Halafu nazima injini na nawaomba watu wafunge midomo dakika kumi tu wasikilize kanga na nyani wanalalamikia wapi, waangalie twiga wamegeuza shingo upande gani. Dakika kumi! Wengi hawawezi, mtu anafungua krisps.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Ati koalisheni ni ndugu wa tumbo moja tu: zile za wanne kwenda juu ni jamaa karibu siku zote, waliokua pamoja wakafukuzwa pamoja, ila wawili au watatu wanaweza kuwa wageni waliokutana kwenye kuzurura wakaelewana. Na hakuna "mfalme" anayetoa amri humo ndani, aliyewahi kwa jike mwenye joto ndo anamlinda, wengine wanasubiri.

Dume ukimkuta peke yake usianze kumhurumia ati kafukuzwa. Huenda mwenzake yuko mbele huko, na Tsavo hasa, utafiti uliotolewa 2002 ulikuta makundi yenye dume mmoja tu na majike kama 7. Huyo kafukuzwa kweli?

Hili la kukosa manyoya shingoni nalo, kila safari lazima nisikie "mbona huyu jike mkubwa hivi". Madume wengi wa Tsavo wana manyoya machache au hawana kabisa, joto linahusika sana. Wale wawili waliokula wafanyakazi wa reli kwenye daraja la Tsavo mwaka 1898 walikuwa madume wazima wasio na manyoya, nenda Field Museum ya Chicago wamewekwa pale. Ukitaka kujua dume, angalia nyuma.

Ati madume hawawindi? Mwambie hivo nyati waliyemwangusha.

Madume wageni kuua watoto wa simba waliowakuta, najua inauma kuangalia, lakini msiniambie nipigie KWS (shirika la wanyamapori Kenya) simu waje kuamua. Jike mwenye wadogo hapandwi mpaka wakue, mwaka na nusu au zaidi, na dume aliyeingia ana miaka miwili mitatu tu mkononi. Akiua, jike anarudi kwenye joto baada ya wiki chache. Hicho ndo kisa, si wazimu.

Mwisho, hawa wa kuniambia nifungue simu nione kola ya simba (ile ya shingoni inayotuma alipo) iko wapi. Wenye kola ni wachache, na habari za kola zinakwenda kwa watafiti na KWS, hazinijii mie. Hata zingenijia nisingewapa pini ya ramani, manake pini ikitumwa kwenye grupu nusu saa baadaye kuna magari ishirini na dume kaingia kichakani. Njooni na darubini, tunatoka Buxton hapa Mombasa saa tisa usiku, na krisps mle mkiwa bado kwenye lami.