Mtoto na simu ya tachi: yanayosemwa mtaani na yalivyo

“Mwanangu hana simu, huko mtandaoni hayupo.”

Yupo, ila kwa jina la mama. Katika nyumba nyingi za Chang'ombe, Kikuyu au Nkuhungu hapa Dodoma simu ya tachi ni moja, na jioni inazunguka kama rimoti. TikTok, Instagram na Facebook zinaanzia umri wa miaka 13, lakini kizuizi hicho hakimgusi anayetumia akaunti yenye mwaka wa kuzaliwa wa mama. Programu inamwona mtu mzima na kumletea ya watu wazima. Kwa kuanzia, washa hali yenye vizuizi kwenye mipangilio ya YouTube, na namba ya siri ya pesa isifanane na ya kufungulia simu. Ya kufungulia mtoto anaijua, usijidanganye.

“Watoto wa siku hizi wanaijua mitandao kuliko sisi.”

Vidole ndivyo vinavyojua. Kupima habari ni kazi nyingine, nayo hufundishika hata kwenye darasa lisilo na umeme kule Bahi au Chamwino. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha kuanzia. Mwalimu aandike ubaoni ujumbe wa kubuni: “Matokeo ya kidato cha nne yametoka, lipia 1,000 uyaone mapema,” na anwani ya tovuti chini yake. Wanafunzi wawili wawili wajibu: nani kasema? Kaona mwenyewe au kaambiwa? Anataka nifanye nini, na haraka ya nini?

Kisha waisome anwani kinyumenyume. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya ile miwili ya mwanzoni, halafu rudi kushoto. Ukikuta necta.go.tz, hapo ni kwa Baraza la Mitihani lenyewe, na matokeo hayalipiwi. Ukikuta baada ya go.tz kuna nukta na maneno mengine, basi neno necta limepachikwa tu. Mwenye mali ni yule wa mwisho. Wengi huteleza hapa kwa kuwa jicho husoma mwanzo likaridhika.

Na ile mishale miwili ya WhatsApp? Inakuambia tu kwamba ujumbe umesambazwa mfululizo mara tano au zaidi kabla ya kukufikia. Si muhuri wa ukweli wala wa uongo.

“Kutapeliwa ni kwa wazee.”

Kijana hutapeliwa kupitia rafiki. “Samahani, namba zangu sita zimeingia kwako kimakosa, nirushie.” Anayeandika ni mwizi aliyekwisha kuiteka WhatsApp ya rafiki huyo. Ameingiza namba yako ya simu kwenye WhatsApp ya simu yake, na tarakimu hizo sita ndizo ufunguo wa akaunti yako. Ukimrushia, muda si mrefu anawakopa shangazi zako kwa jina lako. Kinga yake: Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, kisha weka PIN ya tarakimu 6 na barua pepe ya kuirejesha. Zile meseji za “ile hela tuma kwenye namba hii” zipeleke 15040, na laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako zikague kwa *106#.

“Akitishiwa kwa picha zake za utupu, alipe yaishe.”

Hayaishi. Akishalipwa mara moja, mtishaji amejua kwamba hela ipo, na kesho anarudi na dau kubwa zaidi. Kosa la pili ni la mzazi: kwa hasira anaipokonya simu na kufuta kila kitu, na ushahidi unaondoka. Kwanza piga picha ya skrini ya vitisho, jina la akaunti, namba ya simu na tarehe, ndipo umzuie. Simu ya Mtoto ni 116, bure. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto.

Kosa la tatu hufanywa na watu wema. Mwalimu au mzazi anairusha picha ile kwenye grupu la wazazi, “tusaidiane kumjua aliyefanya hivi.” Kwa sheria zetu mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto. Nia njema haiifanyi picha isisambae.

Kuna huduma ya Marekani iitwayo Take It Down, bure na bila kutaja jina, kwa picha zilizopigwa mhusika akiwa chini ya miaka 18. Picha yenyewe haitoki kwenye simu. Kinachotumwa ni alama yake ya kidijitali, ili mitandao iliyojiunga, ikiwamo Facebook, Instagram na TikTok, iitambue na kuiondoa. Ndani ya mazungumzo ya WhatsApp haifiki. Grupu la darasa linabaki kazi ya admini wake na mwalimu wa darasa, siku hiyohiyo.