Udongo Umejaa Chuma, Bakteria Wana Njaa ya Chuma

Chuma ni elementi ya nne kwa wingi katika ganda la dunia, karibu asilimia 5 ya uzito wake. Udongo mwekundu unapata rangi yake kutokana nacho. Hata hivyo, bakteria wanaoishi humo wanaweza kukikosa kabisa. Penye oksijeni chuma hugeuka kutu, na kutu haiyeyuki majini kwa kiasi cha kuwafaa. Udongo wenye chokaa ndio mbaya zaidi, kwa kuwa pH yake (kipimo cha uasidi na ubesi) iko juu: pH ikipanda kwa 1 tu, chuma huru kilichoyeyuka hupungua takribani mara 1,000.

Njaa hiyo huwauma zaidi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Kazi yao hufanywa na kimeng'enya kiitwacho naitrojinesi. Katika umbo lake la kawaida, protini yake kubwa hubeba atomu 30 za chuma pamoja na 2 za molibdeni. Protini ndogo inayoipelekea elektroni ina 4 nyingine. Huo ni ulaji mkubwa kwa kiumbe kisichoonekana kwa macho.

Dawa yao ni siderofori: molekuli ndogo ambazo bakteria huzitoa nje, zikaking'ang'ania chuma na kukifanya kiyeyuke. Kukirudisha ndani ndiyo kazi ngumu. Mzigo huo haupiti kwenye vitundu vya kawaida vya utando wa nje wa seli, kwa hiyo kuna protini pokezi zinazoitambua siderofori fulani na kuipitisha. Utando huo hauna nishati yake. Protini ya TonB huileta kutoka utando wa ndani.

Azotobacter vinelandii, anayeishi huru udongoni, hutoa siderofori kadhaa. Mkuze maabara bila chuma cha kutosha, na maji yatageuka manjano-kijani yenye kung'aa. Hiyo ni azotobaktini. Baadhi ya siderofori zake humletea hata molibdeni, ambayo naitrojinesi inaihitaji pia. Kwa bakteria wa mikunde, Sinorhizobium meliloti ana siderofori iitwayo rhizobaktini 1021, ilhali baadhi ya Bradyrhizobium hutoa sitrati tu (chumvi ya asidi ya limau). Wapo pia wanaodaka siderofori zilizotengenezwa na wengine, hata za kuvu. Mimi nauita wizi, ingawa wanaikolojia wana majina ya upole zaidi.

Chuma kikishatosha, uzalishaji wa siderofori husimamishwa, kwani kikizidi ndani ya seli huchochea kemikali zinazoharibu DNA.

Ndani ya vinundu vya mizizi ya mikunde, wanamoishi baadhi ya bakteria hawa, mambo hubadilika. Huko mmea ndio unaoleta chuma, ukikipitisha kwenye utando unaowazunguka bakteria. Ndiyo maana aina kadhaa za rhizobia (bakteria wa vinundu) zilizoondolewa uwezo wa kutengeneza siderofori bado hunasa naitrojeni zikiwa ndani ya kinundu. Mmea nao unakihitaji chuma hicho kwa leghemoglobini, protini inayokipa kinundu kinachofanya kazi rangi ya waridi.

Kwa mkulima, tofauti huonekana kwenye majani. Upungufu wa chuma huanza na majani machanga, yanayogeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Upungufu wa naitrojeni huanza na majani ya zamani. Mikunde ikionyesha dalili ya kwanza kwenye udongo wa chokaa, usikimbilie kuongeza bakteria kwenye mbegu: pima pH, kisha fikiria aina ya mbegu inayostahimili chokaa au mbolea ya chuma kilichofungwa kwa kelati, yaani molekuli inayokishika ili kibaki kimeyeyuka.