Ridhaa si idhini

"Familia imetoa ridhaa aogeshwe kila asubuhi." Sentensi hii imejaa kwenye mafaili ya huduma za kuwatunza watu wazima wasiojiweza, na mara nyingi huyo wa kuogeshwa yupo palepale kitandani, akili zake timamu, wala hajaulizwa.

Ridhaa ni mtu mwenyewe kukubali jambo atakalofanyiwa, akiwa amelielewa, hajashurutishwa, na yuko huru kubadili nia. Basi. Tabu inaletwa na majirani wa neno hili.

Ridhaa imetoka kwenye Kiarabu, shina moja na radhi, ridhika na ridhisha. Ni neno la moyoni: anayekuomba radhi anataka moyo wako utulie. Idhini nayo ni ya Kiarabu, ila shina lake ni lile la adhana na muadhini, ambalo huko kwao linahusiana na sikio. Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka kwenda kwa anayeomba. Mtoto anaweza kutoa idhini mlango wa nyumba yake ufunguliwe, lakini hawezi kuridhia kuoga kwa niaba ya baba yake, kama asivyoweza kushiba kwa niaba yake. Kukubali ni pana zaidi, maana mtu hukubali hata asichokitaka. Ndiyo maana tunasema "amekubali shingo upande". Jaribu kusema "ameridhia shingo upande" uone linavyokwaruza.

Lawama nyingine naipeleka bungeni. Bunge huridhia mkataba mara moja, yakaisha. Picha hiyo imebebwa hadi bafuni, kiasi kwamba saini ya siku ya kupokelewa kwenye huduma inatumika miezi sita baadaye. Saini ile ilihusu kuhudumiwa kwa jumla. Haikumruhusu yeyote kumvua mtu shati leo. Bafuni swali huulizwa hatua kwa hatua: kabla ya kuvua nguo, kabla ya kumwagia maji kichwani, kabla ya kusafisha sehemu za siri, ambapo cha kwanza ni kumpa kitambaa ajisafishe mwenyewe akiweza. Aliyekubali la kwanza anaweza kukataa la tatu. Vidole vilivyokaza kwenye ukosi wa shati ni jibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini fomu huandika "hakupinga".

Kuna na hili: "Ana ugonjwa wa kusahau, ridhaa yake ya nini?" Uwezo wa kuamua hupimwa kwa jambo moja na kwa wakati ule. Anayeshindwa kuamua kuhusu mali zake anaweza kabisa kuamua avae nini au aoge saa ngapi. Sheria ya uwezo wa kuamua (Mental Capacity Act) ya mwaka 2005, inayotumika England na Wales, huangalia mambo manne: kuelewa maelezo, kuyashika akilini kwa muda wa kutosha kuamua, kuyapima, na kufikisha uamuzi kwa njia yoyote, hata kwa kupepesa jicho. Sheria hiyohiyo inasema uamuzi usio wa busara peke yake si ushahidi kwamba mtu hana uwezo. Na kabla ya kuandika kwamba hana, angalia betri ya kifaa cha kusikia, tafuta miwani, na uliza kama ana maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo huweza kumvuruga mzee akili kwa muda tu. Kwa aliyepata kiharusi na anayejibu "ndiyo" kwa kila kitu, geuza swali: "Unataka kuoga sasa?" halafu "Unataka kukaa bila kuoga kwanza?" Akijibu "ndiyo" kwa yote mawili, hujapata jibu bado.

Akikosa uwezo kweli, uamuzi hufanywa kwa kuangalia maslahi yake na aliyokuwa akiyapenda, na ndugu huulizwa kwa sababu wanamjua. Hata hapo, kauli yao haigeuki kuwa ridhaa yake. Hapa ndipo watu hujikwaa kwa kumsagia dawa na kumfichia kwenye chakula "kwa ridhaa ya familia". Ukiacha udanganyifu, vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole vikisagwa humwaga dozi ya siku nzima kwa mkupuo. Jambo hilo linahitaji daktari, mfamasia na uamuzi ulioandikwa, siyo simu ya binti yake.

Kwa hiyo faili lingesomeka hivi: "Ameulizwa saa mbili asubuhi. Amekubali kunawa uso na mikono, amekataa kuoga, amesema ana baridi. Chumba kipashwe joto, aulizwe tena baada ya nusu saa." Na kama mwanawe alipiga simu kusema ni sawa, iandikwe kwamba ameafiki. Neno lipo.