Shaba ya Katanga haitoki ikiwa udongo

Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC), maneno haya kuhusu madini yetu ni ya miaka mingi: "Wanabeba udongo wetu, wanaenda kuusafishia kwao." Kwa shaba, kwa sehemu kubwa si kweli. Tazama kamiyo kwenye barabara ya Kasumbalesa: nyingi zimebeba mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Hiyo ni shaba safi ya zaidi ya asilimia 99.9, iliyoyeyushwa kwa asidi na kusafishwa kwa umeme humu humu Katanga. Tunachokosa ni viwanda vya kuigeuza nyaya.

Kobalti, madini yanayochimbwa pamoja na shaba, ndiyo yenye shida. Inatoka ikiwa haidroksidi, unga wenye unyevu ndani ya mifuko mikubwa, na inasafishwa zaidi Uchina. Inaingia kwenye betri na injini za ndege za kivita, ndiyo maana Marekani inaihesabu kuwa suala la usalama wa taifa. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha uuzaji wake nje; Oktoba ikaweka kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa kuuzwa nje. Bei ilipanda, na hilo ni jema. Lakini zuio peke yake halijengi kiwanda. Kiwanda kinataka umeme wa uhakika, na migodi yetu bado inaununua mwingine Zambia.