Aliyepigana vita si lazima awe mstaafu

Tangazo limebandikwa ukutani hapa Ng'ambo, Tabora: chama cha hisani cha mtaa kinawaita "maveterani na wastaafu wa jeshi" wafike Jumamosi kuandikishwa kwa ajili ya msaada. Jirani yangu, mzee ambaye goti lake la kushoto halikunjiki tangu 1979, alilisoma mpaka mwisho, kisha akaendelea na safari yake ya dukani. Nilipomuuliza kama atakwenda, alinijibu: "Mwanangu, mpira sikucheza, na kustaafu sikustaafu."

Maneno haya mawili nimeyaona yakichanganywa mara nyingi mno, na safari hii yamemrudisha nyumbani mtu aliyekusudiwa hasa. Veterani ni mtu aliyewahi kutumikia jeshi, zaidi aliyekwenda vitani, hata kama utumishi wake ulikuwa wa miezi michache. Maana yenyewe haina zaidi ya hapo. Tatizo ni njia ambayo neno limepita. Asili yake ni Kilatini, *vetus*, yaani -zee au -a zamani, nasi tukalipokea kupitia Kiingereza. Lakini kwetu limeshachukuliwa na mpira wa miguu: ukisema timu ya maveterani, kila mtu anawaona kina baba wenye vitambi wakikimbia uwanjani asubuhi ya Jumapili. Mzee hakukosea kulisoma hivyo.

"Mstaafu" ndilo linaloniumiza zaidi. Kustaafu kumetoka kwenye Kiarabu, *istaafa*, kuomba kuachiliwa. Mzizi wake ni uleule uliotupa "afu", yaani msamaha, na "afya". Ndani ya neno hilo kuna mtu aliyemaliza muda wake, akaaga, akaruhusiwa. Na katika Kiswahili cha leo limebeba na barua, kiinua mgongo na pensheni.

Sasa rudini 1978. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwezi Oktoba, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, halikwenda peke yake. Waliitwa vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, polisi, askari magereza, na makumi ya maelfu ya wanamgambo. Mgambo alikuwa mkulima. Aliacha tumbaku shambani Urambo au Uyui, akapewa bunduki, akavuka mpaka na wenzake. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na vita vilipokwisha mgambo akaambiwa arudi kijijini kwake. Hakuomba kuachiliwa, na hakuna aliyemfanyia sherehe ya kumuaga. Ukimwita mstaafu unampa kitu asichokuwa nacho. Ukiwaita wastaafu pekee, umemwacha nje.

Babu zetu walilipatia jambo hili vizuri zaidi. Kambi ya jeshi ya hapa Tabora wakati wa uhuru iliitwa Kalewa, jina la mji wa Burma ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana mwaka 1944. Waliorudi kutoka huko waliitwa watu wa Keya, kutokana na herufi za jeshi lao la enzi ya Waingereza, KAR, yaani King's African Rifles. Jina hilo lilisema mtu alikuwa wapi. Halikumuuliza aliondoka vipi. (Wala "askari" peke yake halitoshi leo, maana hata mlinzi wa getini ni askari.)

Kosa hili linawafikia na wajane. Mama anakuja mezani na picha moja ya mumewe akiwa na sare, kona zimekunjika, naye anaulizwa kitambulisho cha ustaafu. Ataondoka. Ilhali chama kidogo, hata kisicho na fedha nyingi, kinaweza kumfaa sana: kumsindikiza kutafuta cheti cha kifo, kuwasaidia ndugu kuandika muhtasari wa kikao cha ukoo, kwenda naye Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mirathi. Na wake za walio hai wasisahauliwe. Jirani yangu huamka usiku akiita majina ya watu, na mkewe ndiye humkalisha kitandani, akamshikia kikombe cha maji mpaka mikono iache kutetemeka. Mama huyo hajawahi kuulizwa na yeyote kama amelala.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa chama, nia yenu ni njema na Jumamosi nitakuja kuwasaidia kupanga viti. Naomba tu tangazo libandikwe upya hivi: "Yeyote aliyewahi kutumikia jeshi au kwenda vitani, awe mwanajeshi, JKT au mgambo, na kama ametangulia mbele ya haki, aje mjane wake au watoto wake." Na kwenye fomu, pale palipoandikwa "Tarehe ya kustaafu", wekeni "Ulitumikia wapi, na mwaka gani?" Hilo jirani yangu analijibu bila kutafuta karatasi.